Bure, Mradi Muishushe

Bibi Tsiala alisema kwenye simu: ni bure,
mradi muishushe.
Ghorofa ya saba, mtaa wa Gldani,
lifti yenye kisanduku cha kumeza sarafu,
tetri kumi kupanda, tetri kumi kushuka,
na mlango mwembamba kama mdomo wa bahasha.
Bure ghali. Baba alilijua hilo
tangu goti lake la kushoto lilipobaki
kwenye ngazi za piano nyingine, kule Rustavi.

Tulikuwa wanne: Baba, mimi, na ndugu wawili wa Zestaponi
wanaobeba majokofu kwa riziki
na kudharau chochote kisichogandisha nyama.
Mikanda begani, blanketi, matusi.
Kila kona ya ngazi piano ilitoa sauti,
nyuzi zote kwa pamoja, chini kwa chini,
kama mtu anayeguna usingizini asiamke.
Ghorofa ya nne mtoto alichungulia na mkate mkononi,
akauliza: mnamzika nani?

Karakanani niliondoa ubao wa mbele.
Ndani: pini ya nywele,
kopeki ya nchi isiyonunua tena kitu,
kiota cha panya kilichofumwa kwa sufi ya nyundo
(panya mwenye masikio,
alitafuna noti za juu kabisa tu,
zile ambazo hakuna azigusaye),
na jino la utoto ndani ya karatasi iliyoandikwa
Malkhazi, 1979.
Jino nililiweka kwenye kikombe kisicho na mkono.

Baba aligonga uma wake wa sauti gotini, lile zima,
akauinua sikioni.
Akakaza. Akasikiliza. Akakaza.
Saa nzima uzi ulipanda
kama mlevi anayekitafuta kitanda,
saa iliyofuata ukateleza, ukalala chini palepale.
Misumari ilizunguka kwa kidole tu, kwa kidole!
Ubao unaoishika ulikuwa umepasuka
tangu zile baridi za miaka ya tisini,
umeme ulipokatika mji mzima
na watu wakabandua sakafu zao wapate moto.

Mlangoni, siku ile, Bibi Tsiala alituambia:
“Viti tulichoma. Kamusi tulichoma. Hii, hapana.”
Alisema kama mtu anayedai risiti.

Sasa utaishikaje bisibisi
baada ya kusikia hayo?

Unaishika. Koleo ndilo limevunjika, uhunzi upo.
Nyundo themanini na tano: kumi na mbili nzima
zilikwenda kwa piano ya chekechea ya Didube
ambayo ilikuwa na kigugumizi.
Fremu ya chuma, na nyuzi za besi zenye shaba
zilizolegea kama soksi,
jirani Gocha aliisimamisha uani.
Mzabibu umeipanda uzi kwa uzi.
Upepo ukivuma, haitoi sauti yoyote;
watu huniuliza hilo, nami huwajibu hivyo.
Na mwili wenyewe, ule mti mweusi wa kung'aa,
ni rafu ya mikate mirefu kwa Lamara mwoka mikate.
Kanyagio moja aliliacha.
Wateja hulikanyaga wakingoja zamu,
bila kujua wanangoja nini kijibu.

Mwezi wa tatu Bibi Tsiala akapiga simu.
Je, imekaa sawa?
Baba, asiyemdanganya mteja hata robo ya noti,
aliitazama simu kama waya wenye moto,
akanipa mimi.
Nikasema: “Ina watu kila asubuhi.”
“Wengi?”
“Hadi nje ya mlango.”
Akanyamaza, na nikamsikia akivuta kiti.
Sijui kiti kipi; walichoma vyote.

Nikamwambia kuhusu jino.
“Malkhazi yuko Bari,” akasema, “anaendesha lori,
meno yake ya mbele yote ni ya kununua. Litupe.”
Kisha, kabla hajakata:
“Ama liweke.”

Sikuuliza wapi.